Kumhurumia mtoto wa sokwe mtu si kumnunua

Mkaaji wa Ibanda anayenunua mtoto wa sokwe mtu kwa huruma anamlipa mwindaji haramu, naye atarudi msituni kuua mama wa mtoto mwingine. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza biashara ya wanyama wanaolindwa. Lakini sheria haijitekelezi. Anayeona mnyama akiuzwa asinunue wala kugombana na muuzaji. Aandike siku, saa na mahali, apeleke habari ICCN au kwa mwendesha mashtaka. Akiogopa, apitie shirika la raia. Kisha aulize: kesi imefika wapi? Sokwe mtu aliyeokolewa atatunzwa Lwiro. Muuzaji akiachiliwa kwa rushwa, Kahuzi-Biega, iliyo katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997, itabaki miti bila wanyama.