Ubalozi na Mvuvi wa Ngumbo

Kila inapotangazwa kwamba Tanzania itajenga jengo jipya la ubalozi katika nchi ya nje, wapo wananchi wanaouliza fedha hizo zitamfaa nini mvuvi wa Ngumbo. Swali hilo si utovu wa uzalendo, nalo halijibiwi kwa hotuba.

Ngumbo ni kata ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika eneo lililokuwa chini ya Mbinga kabla ya kuundwa Wilaya ya Nyasa. Ng'ambo ya maji ni Malawi. Kwa wenyeji wa huko mambo ya nchi za nje si habari za redioni tu. Malawi inashikilia kuwa mpaka ni ufukwe wenyewe wa mashariki, kwa mujibu wa mkataba ambao Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mwaka 1890 bila kumwuliza Mwafrika hata mmoja. Tanzania inashikilia kuwa mpaka hupita katikati ya ziwa. Dai la Malawi likikubaliwa, mama wa Ngumbo ajazaye ndoo yake atakuwa ameteka maji ya kigeni.

Mpaka ni suala la muda mrefu. Biashara haina subira hiyo. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao, yakiwamo mchele, tangawizi na ndizi. Aprili, Tanzania nayo ikayafungia milango mazao ya kilimo ya Malawi. Zuio la Tanzania liliondolewa baada ya siku chache, mazungumzo yalipoanza. Ni jambo jema. Lakini ndizi iliyokwisha iva haingojei barua za mabalozi, na hasara ya mkulima hairudishwi na tamko la pamoja.

Hapo ndipo ilipo kazi ya ubalozi. Kujenga jengo la taifa ni busara, kwani pango hulipwa kwa fedha za kigeni mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, jengo lisilo na ofisa ajuaye bei za sokoni na taratibu za forodha ni nyumba ya karamu tu. Tanzania ilionyesha njia ilipoweka konseli kuu Lubumbashi, mbali na Kinshasa, kwa kuwa huko ndiko shehena za bandari ya Dar es Salaam ziendako.

Kwa nini ziwa lisipewe mfano huo? Barabara ya lami ya kilometa 66 imeunganisha Mbinga na Mbamba Bay, ambako bandari mpya ilianza kujengwa. Meli za mizigo MV Ruvuma na MV Njombe hubeba tani 1,000 kila moja. Ng'ambo iko Nkhata Bay, na nyuma yake mji wa Mzuzu. Lilongwe, uliko ubalozi, ni mbali na maji hayo. Ofisi ndogo ya konseli mjini Mzuzu, yenye maofisa wawili watatu wanaozungumza Kichewa, ingegharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya jengo moja la ghorofa katika mji mkuu wa Ulaya. Wizara ya Mambo ya Nje haina budi kuipima gharama hiyo kabla shehena ya kwanza haijapakiwa katika gati jipya la Mbamba Bay.