Mtoto Amesoma Uraia, Mzazi Je?



Baada ya kumhimidi Allah na kumsalia Mtume wetu Muhammad, napenda niwasimulie, mama zangu na dada zangu, habari ya bibi mmoja wa Kikambala aliyenijia juma lililopita na mjukuu wake. Mtoto alipewa kazi ya shule aandike haki za raia. Akasoma kwamba kila raia anastahiki kitambulisho, akauliza: "Bibi, mbona wewe huna?" Bibi huyo ni Mpemba. Hakuwa na jibu.

Sisi wa zamani tulifunzwa uraia kwa kutaja rangi za bendera na vyeo vya wakubwa. Raia mwema alikuwa mtiifu, basi. Katiba ya 2010 imeligeuza somo. Katika mtaala mpya ulioanza shuleni mwaka 2019, uraia ni mmoja wa umilisi saba wa kimsingi, na mtoto hufunzwa kuijua haki yake pamoja na wajibu wake. Watoto wameshapata mwalimu. Wazazi tumebaki na somo la kale, na ujinga huo una gharama.

Tazameni mambo mawili. Zamani, mtoto aliyezaliwa ng'ambo hakuwa Mkenya kwa kuzaliwa ila baba yake awe Mkenya. Leo kifungu cha 14 kinasema mama au baba, yeyote kati yao, anatosha. Ni wangapi kati yenu mlioolewa Uarabuni na mkarudi na watoto, nanyi hamjui hili? Na mwaka 2023 serikali iliwatambua Wapemba wa pwani yetu kuwa raia, baada ya vizazi vya wavuvi kuishi humu bila hati. Asiye na kitambulisho hasajili simu kwa jina lake, hafungui akaunti, wala hapigi kura.

Wapo wasemao kwamba karatasi ni mambo ya dunia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, yatuamrisha kuandikiana deni ili haki ya mtu isipotee. Ikiwa deni la dirhamu laandikwa, vipi jina la mwanao?

Basi mtoto akizaliwa, mwandikishe mapema. Akitimiza miaka 18, mfuatilie hadi apate kitambulisho. Njia ina mizunguko, na pengine utaombwa "chai". Usitoe. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Nendeni wawili watatu, mkashuhudiane.

Nasi walimu wa madrasa tutenge saa moja kwa mwezi, akina mama wasomewe vifungu hivi kwa Kiswahili.

Bibi yule nilimwandikia orodha ya hati za kutafuta. Mjukuu ndiye aliyeikunja akaitia mkobani, akasema atamsomea njiani.

Wabillahi tawfiq.