Funguo za Simu Yako Zimo Mikononi mwa Nani?

Ndugu msomaji, neno "kufungua simu" limekuwa la kawaida kwenye meza za mafundi wa mijini. Mfanyakazi huipeleka simu yake kwa sababu imekuwa nzito au imejaa, naye fundi humwambia kwamba dawa yake ni "kuifungua" au "kuiruti". Mwenye mali huitikia kwa kichwa, hulipa, kisha huondoka bila ya kujua alichokubali. Hilo si jambo jema, hasa siku hizi ambapo ndani ya simu mna fedha za matumizi ya nyumbani, picha za watoto na barua za kazini. Kwa hiyo, leo tutayaeleza maneno hayo moja baada ya jingine.

Tuanze na neno lenyewe. Ruti limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mzizi. Simu za Android, ambazo ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, zimejengwa juu ya Linux, mfumo uliofuata nyayo za Unix iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1969. Katika mifumo hiyo mafaili hupangwa kama matawi ya mti, na chanzo cha matawi yote huitwa mzizi. Mtumiaji mwenye mamlaka juu ya kila kitu naye huitwa kwa jina hilo hilo.

Chukua mfano wa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, wala hawezi kuingia cha jirani. Programu za simu huishi vivyo hivyo: kila moja hupewa namba yake na mahali pake pa kuweka vitu, na hairuhusiwi kuchungulia kwa mwenziwe. Mwenye nyumba ndiye mwenye funguo za vyumba vyote. Ajabu ni kwamba wewe uliyeinunua simu kwa fedha zako, kiwandani umehesabiwa kuwa mpangaji. Kuruti ni kujitwalia funguo za mwenye nyumba. Kwa simu za iPhone, kitendo kinachofanana na hicho huitwa kuvunja jela.

Neno la pili ni butiloda. Hii ni programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa. Ni bawabu wa lango: huhakikisha kwamba mfumo unaotaka kuanza ni ule wa kiwanda, ndipo auruhusu upite. Aghalabu hapana budi bawabu huyo alegezwe kwanza kabla ya kuruti. Lakini fahamu kwamba butiloda inapofunguliwa, simu hufuta kila kitu cha mwenyewe. Imepangwa hivyo makusudi, ili mwizi asiifungue simu ya watu na kusoma yaliyomo.

La tatu ni rikavari, yaani chumba cha matengenezo kilichotengwa na mfumo wa kila siku. Rikavari ya kiwanda hupokea mafaili yenye sahihi ya kiwanda tu. Nyingine, kama TWRP, hupokea hata ya watu wengine. La nne ni romu. Zamani lilikuwa na maana ya kumbukumbu ya kusomwa tu, lakini katika kazi hii maana yake ni mfumo mzima wa simu. Romu inayojulikana sana ni LineageOS, iliyorithi kazi ya CyanogenMod mwishoni mwa mwaka 2016. Kitendo cha kuandika romu au faili jingine la mfumo ndani ya simu ndicho kinachoitwa kuflashi.

La mwisho ni tofali. Faili la modeli nyingine likiingizwa, au umeme ukikatika katikati ya kazi, simu yaweza kukataa kuwaka kabisa. Hapo haina faida kuliko tofali la kujengea.

Inafaa pia ieleweke kwamba kuondoa kifungo cha kampuni ya mtandao, ili simu ikubali laini yoyote, ni kazi nyingine kabisa. Kadhalika kuondoa neno la siri lililosahauliwa. Mafundi wengine huziita zote "kufungua". Muulize fundi wako ni ipi hasa anayokusudia.

Je, kuna faida? Ipo. Simu ya zamani iliyosahauliwa na kiwanda yaweza kupata mfumo mpya, na programu zilizobandikwa kiwandani zaweza kung'olewa. Lakini mwenye funguo zote akimfungulia mgeni mbaya, mgeni huyo naye huingia kila chumba. Programu ya hila iliyopewa mamlaka ya ruti yaweza kusoma ujumbe na siri za programu nyingine. Ndiyo sababu programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyorutiwa. Katika simu nyingi za Samsung, alama ya Knox hubadilika moja kwa moja, wala hairudi hata mfumo wa awali ukirejeshwa.

Basi kabla ya kutoa simu yako, weka kwanza nakala za picha na namba zako mahali pengine. Kisha muulize fundi: mafaili haya ni ya modeli hii hasa? Mambo yakiharibika, waweza kuirudisha ilivyokuwa? Akibabaika, ichukue simu yako. Na kama shida yako ni kujaa tu, ingia kwenye mipangilio ya simu. Programu nyingi za kiwanda zisizotakiwa zaweza kuzimwa hapo bila ya kuruti na bila ya gharama.

Hadi Jumapili ijayo, ndugu msomaji, panapo majaliwa.