Mkweche uliowatoa jasho wenye viwanda

Najua wengi mmezoea kunikuta hapa nikimwaga sifa za ndinga zinazopaa, zile ambazo ukitajiwa bei tu mfuko unatetemeka. Leo hapana. Leo naomba ruhusa yenu niusifie mkweche.

Chanzo ni dogo mmoja wa mtaani kwetu, tumwite Side. Side kafanya vibarua miaka minne, kajibana mpaka mchana anakula mihogo na usiku anakula mihogo, hatimaye kanunua gari. La Kijapani, mtumba wa mtumba, limeshapita mikononi mwa watu watano. Kuwa na gari si dhambi, hongera zake. Kasheshe ilianza pale alipoamua kulipamba. Rimu mpya zinazong'aa kama meno ya bibi harusi. Spika kubwa nyuma, mpaka buti halipokei hata mfuko wa mchele. Bomba la moshi linalokohoa mtaa mzima ukaamka. Shokomzoba? "Hizo baadaye, braza." Breki? "Zinashika, braza, ila inabidi uzikanyage mapema."

Jumamosi moja akanipa lifti kutoka Kariakoo kwenda Mbagala. Nikavuta mkanda, nikatafuta pa kuuchomeka. Pamezibwa! Side kapachika kichuma fulani, kazi yake kulidanganya gari lisipige kelele kwamba abiria hajafunga mkanda. "Ule mlio unaharibu muziki, braza." Nikanyamaza. Hapo kosa lilikuwa langu. Tulipofika maeneo ya Mtoni bajaji ikakatiza ghafla. Side akakanyaga breki kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Gari likasita, likafikiri, ndipo likasimama. Bajaji ikapona. Paji la uso wangu ndilo lililopokea salamu za dashibodi. Jumatatu yake nundu ilitangulia kuingia ofisini, mimi nikafuata.

Usiku ule, nikiwa nimejikandika barafu usoni, nilikumbuka gari moja la zamani lililokuwa na vitu vyote viwili alivyovidharau Side: matunzo na mkanda. Gari hilo ni Volvo PV544.

Tuanze na sura, maana vijana ndiko mnakoanzia. Sura, kwa kweli, hamna. Mgongo umeinuka kama kobe aliyeshtuliwa, milango miwili tu, boneti limevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Volvo wa Sweden walimwonyesha kaka yake, PV444, mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inanguruma, wakaanza kumtengeneza 1947. PV544 lilifuata 1958, na kioo cha mbele kikawa kimoja kizima badala ya viwili vilivyogawanywa katikati. Umbo likabaki lile lile. Wakati huo Wamarekani wanatoa magari mapana yenye mapezi nyuma kama papa. Ina maana PV544 lilitoka kiwandani likiwa jipya, lakini machoni mwa watu tayari ni la kizamani.

Sasa funua boneti. Kuanzia 1961 liliwekewa injini ya silinda nne, lita 1.8, isiyo na makeke lakini haichoki. Bodi na chesisi ni kitu kimoja, chuma kigumu kweli kweli. Nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Huko Ulaya liliwatesa watu: Tom Trana wa Sweden alichukua nalo mashindano ya RAC ya Uingereza mara mbili mfululizo, 1963 na 1964.

Lakini Ulaya ni Ulaya, na Safari ni Safari. Kama wewe ni kijana wa juzi, nikueleze. Safari Rally ilianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kuanzia 1960 ikaitwa East African Safari. Ilikuwa inapigwa wakati wa Pasaka, masika yenyewe, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Kiasi cha kilomita 5,000. Barabara hazikufungwa: unakimbia huku unapishana na malori, ng'ombe na mama na mzigo wake wa kuni. Kutoka kituo hadi kituo umepewa muda, ukichelewa unaandikiwa alama za adhabu, na mwenye alama chache ndiye bingwa. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Saba! Mengine yote yalibaki njiani, ama topeni ama yamevunjika.

Mwaka 1964 Volvo walikuja na timu ya kiwanda, magari na mafundi wao. Waliondoka bila kombe. Moja ya magari yale, likiwa limeshaonja kipigo cha Safari, likabaki Afrika Mashariki na kuuzwa. Mnunuzi? Kijana mmoja Singasinga aitwaye Joginder Singh.

Joginder alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, kwa hiyo gari alilijua kutokea uvunguni kabla ya kulijua kutoka kwenye usukani. Hakuwa na kiwanda nyuma yake wala helikopta ya kumfuata na vipuri. Alikuwa na mdogo wake Jaswant, aliyekaa pembeni kusoma ramani, na mikono yake mwenyewe. Mtumba ule wakaufungua, wakaukagua, wakaufunga upya wao wenyewe.

Pasaka ya 1965 wakapewa namba moja, waondoke mbele ya wote. Usidhani ni raha. Ukiwa wa kwanza huli vumbi la mtu, sawa, lakini pia hakuna aliyekutangulia kukuonyesha tope lina kina gani. Wewe ndiye kipimo. Basi ndugu hao wawili wakaondoka wa kwanza, na wakaibuka wa kwanza. Aliyefuata aliachwa kwa saa moja na dakika arobaini! Sijakosea, si sekunde. Muda huo unaoga, unakunywa chai na chapati mbili, na kausingizi kidogo unapiga. Timu za viwanda, pamoja na fedha zao zote, zilizidiwa na gari la mkononi lililofungwa na watu waliojua kila nati iko wapi.

Hapo ndipo dunia ilipolishika jina la Joginder. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, akawa dereva wa kwanza kuchukua Safari mara tatu. Lakini hesabu inayonikuna mimi ni nyingine. Aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Katika mashindano yanayoacha magari porini kama maganda ya miwa, mtu anafika mwisho mara 19. Alifariki London mwaka 2013, akiwa mzee wa miaka 81. Barabara haikumpata.

Sasa rudi kwenye nundu yangu. PV544 lina jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Volvo walimwajiri mhandisi mmoja, Nils Bohlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Mikanda mingi ya magari ya siku zile ilikuwa ya kupita tumboni tu, na gari likigonga, mkanda wenyewe uliweza kukuumiza matumbo huku kifua na kichwa vikiruka mbele. Bohlin akabuni mkanda unaoshika sehemu tatu: unapita begani, unashuka kifuani, unavuka nyonga, na unachomekwa kwa mkono mmoja pembeni ya kiti. Nguvu ya kugonga inabebwa na mifupa migumu ya kifua na nyonga, tumbo linasalimika. Tarehe 13 Agosti 1959, gari la kwanza duniani lililotoka kiwandani na mkanda huo lilikabidhiwa kwa muuzaji katika mji wa Kristianstad, Sweden. Gari lenyewe? PV544, yule yule kobe wetu.

Volvo wangeweza kuuweka mkanda ule kabatini na kumtoza fedha kila aliyeutaka. Hawakufanya hivyo. Wakaruhusu kila kiwanda kiutumie. Ndiyo maana ule mkanda uliomo kwenye gari la Kijapani la Side, ule aliouzibia mlango kwa kichuma, ni mjukuu halali wa PV544.

PV544 la mwisho lilitoka kiwandani Oktoba 1965, miezi michache tu baada ya ushindi ule wa Safari. Ukijumlisha na kaka yake, yalitengenezwa kama 440,000.

Wiki iliyopita nikamwita Side barazani, nikamsimulia yote haya. Alisikiliza vizuri mpaka nilipomwonyesha picha ya gari. Akacheka mpaka akakaa chini. "Braza, hili ndilo lililoshinda? Hili?" Nikamwambia ndiyo, dogo, hili. Na walioliendesha walirudi nyumbani kwao wakala pilau ya Pasaka, wakati wenye magari mazuri bado wanavutwa na trekta.

Akanyamaza kidogo, akanitazama usoni. Nundu ilikuwa imeshapungua, ila alama bado ipo.

Juzi akanipa lifti tena. Nilipapasa pembeni ya kiti kabla hata sijafunga mlango. Kile kichuma hakipo. Nikachomeka mkanda, ukalia ka! Muziki ulikuwa mkubwa vile vile, na shokomzoba bado zinalia kama kitanda cha gesti. Nikamuuliza za lini. "Mwisho wa mwezi, braza. Kuna jamaa anazitaka hizi rimu."

Wewe msomaji, nenda sasa hivi kapapase pembeni ya kiti chako. Ukikikuta kichuma, unajua la kufanya. Kama gari huna, siku utakapopewa lifti usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutabaki huku huku kwenye Safari: nitawaletea Peugeot 404 na Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyewakimbiza watu 1966 na 1967 akachukua kombe mara mbili. Wabishi wa kijiweni jiandaeni. Safari njema!