Wazazi wa Bugeshi, Tuwaonyeshe Watoto Picha za Kale

Wazazi wenzangu wa Bugeshi, watoto wetu wanakua chini ya mlima Karisimbi, lakini waulizeni babu wa babu yao alivaa nini, alijenga vipi na alilima nini kabla ya viazi na pareto. Watanyamaza. Kosa si lao, ni letu tusiowasimulia. Isitoshe, nyumba nyingi hazina hata picha moja ya wazee: zilipotea mwaka 1994, nyingine katika vita vya 1997 na 1998, na nyingine zilibaki Kongo tulikokimbilia.

Nawasihi tusikate tamaa. Picha nyingi za kale za nchi hii zimo katika intaneti, na simu moja yatosha kuzitazama. Mwaka 1907 mwanamfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipita Rwanda na msafara wa wataalamu. Mmoja wao, Mpolandi Jan Czekanowski, alipiga picha nyingi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka wazi makumi ya maelfu ya picha za makoloni ya Ujerumani, na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, nayo ina akiba kubwa. Ukitafuta Gisenyi, andika pia Kissenji, maana ndivyo Wajerumani walivyoiandika.

Lakini usimpe mtoto simu ukaenda zako. Mwite bibi yake akae naye. Tuseme mnatazama picha ya uzio wa matete, nyumba ya nyasi ya mviringo, na mtu amesimama mlangoni kajifunga impuzu. Mtoto ataona nguo ngeni tu. Bibi ataona mti. Atasimulia jinsi gome la umuvumu lilivyobanduliwa, likapondwapondwa mpaka likalainika likawa vazi. Ataongeza kwamba umuvumu mzee unaosimama peke yake shambani mara nyingi ni alama ya boma la zamani. Hapo mtoto atauliza: boma la nani? Akishauliza hivyo, mwache bibi aendelee, hata chakula kikipoa.

Maneno yaliyoandikwa chini ya picha hizo tuyasome kwa tahadhari. Wataalamu wale walipima watu wetu vichwa na kuwapanga kama vielelezo, na Wabelgiji wakaja kuuandika ubaguzi huo katika vitambulisho vya miaka ya 1930. Mwisho wake tunaujua sote. Mtoto aambiwe hayo waziwazi, na mzazi wake mwenyewe. Tena, katika msafara huohuo wa mwanamfalme, mwanajiolojia Egon Kirschstein alikumbwa na dhoruba ya theluji huko Karisimbi, na wapagazi wapatao 20 wakafa kwa baridi. Jina lake limo vitabuni. Majina yao hayamo! Ndiyo maana kila mzee anayekumbuka jina la mtu au la kilima lazima asikilizwe sasa, jina hilo liandikwe daftarini.

Iko pia hifadhi ya mtandaoni ya Mauaji ya Kimbari iliyoanzishwa Kigali mwaka 2010. Hiyo itazameni kwanza nyinyi wazima, kisha mpime umri wa mtoto.

Na asiyepata chochote huko mtandaoni, ajifunze kwa watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi. Mwaka 2000 mpiga picha Mmarekani David Jiranek aliwapa kamera za kutumia mara moja. Wakapiga picha walivyotaka wenyewe, zikasafishwa hapahapa nchini, wakazibandika ukutani na kuzipanga katika albamu. Mwaka uliofuata zilionyeshwa Kigali. Walioachwa bila wazee wa kuwasimulia walijitengenezea kumbukumbu zao.

Sisi tulio na bibi hai tuna udhuru gani? Mpigeni picha wiki hii, uani kwake, akiwa na jembe au kikapu chake. Isafisheni kwenye karatasi, maana simu huibwa na kuharibika. Nyuma yake mtoto aandike kwa mkono wake jina la bibi, la baba yake, la mama yake na la kilima alikozaliwa. Nanyi walimu, wapeni watoto kazi hiyo kabla ya likizo, na mtakapofungua shule mtenge saa nzima ya kuzisikiliza habari watakazorudi nazo.