KONA YA MWALIMU: Jina la tovuti yako limeandikwa kwa nani?

Mwezi huu tunaacha hesabu na imla kidogo, tuongee juu ya biashara. Nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: seremala, mama mshonaji, na vijana wa kikundi cha sabuni. Wote wanataka tovuti ya kazi yao, na wote wanauliza, "Mwalimu, jina la tovuti linanunuliwa wapi, na ni shilingi ngapi?"

Swali la bei ni zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: hilo jina litaandikwa kwa nani? Hapo ndipo watu wengi wanaumia. Basi twende polepole.

DOMEINI NI NINI?

Kompyuta za intaneti zinatambuana kwa namba ndefu, kama namba za simu. Nani anaweza kukumbuka namba zote hizo? Ndiyo maana mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Paul Mockapetris, alitengeneza mfumo wa kugeuza majina kuwa namba. Wewe unaandika jina, mfumo unatafuta namba yake, tovuti inafunguka. Jina hilo ndilo linaitwa domeini. Domeini ya kwanza kabisa ya .com iliandikishwa tarehe 15 Machi 1985.

Wazee wataelewa haraka nikisema domeini ni kama sanduku la posta. Ukichukua S.L.P. pale mjini Mbale, sanduku si mali yako ya milele. Unalipa kila mwaka, unapewa funguo, barua zinaingia. Ukiacha kulipa, linafungwa, baadaye anapewa mwingine. Domeini ni hivyo hivyo. Watu wanasema "nimenunua domeini", lakini ukweli ni kwamba umeikodi. Kwa .com unaweza kulipia mwaka mmoja, au miaka mingi kwa mara moja, mwisho 10.

Jambo lingine: domeini si tovuti yenyewe. Domeini ni anwani. Nafasi ya kuweka tovuti ni nyumba ya kupanga. Picha na maneno yako ni vyombo vya ndani. Unaweza kuhama nyumba na anwani ikabaki ile ile. Lakini anwani ikipotea, wateja hawakuoni hata kama nyumba ni nzuri namna gani.

JE, UNAIHITAJI KWELI?

Tusidanganyane. Kama unauza chapati hapa Nkoma na wateja wako wote wanapita mbele ya jiko, usitumie pesa kwa domeini. Namba ya simu na kibao kizuri vinatosha. Lakini kama unashona sare za shule, unatengeneza viti, au unataka mteja wa Jinja na Kampala aone kazi yako kabla ya kupanda taksi, hapo inaanza kuwa na faida.

Wengine wanasema, "Mimi niko na ukurasa wa Facebook, inatosha, tena ni bure." Ni kweli ni bure, lakini uwanja si wako. Kumbukeni hapa Uganda: tangu tarehe 1 Julai 2018 watu walitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku kabla ya kufungua Facebook na WhatsApp. Kisha Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ikafunga mitandao hiyo, halafu intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti ikarudi, WhatsApp ikarudi, lakini Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Aliyekuwa na picha zake zote na wateja wake wote huko alianza upya. Intaneti yote ikizimwa, domeini nayo haisaidii kitu. Ila mlango mmoja ukifungwa, mwenye anwani yake anabaki na mlango mwingine.

KUCHAGUA JINA

Kaeni kama familia, andikeni majina matano kwenye daftari, halafu yapitisheni katika mitihani hii.

1. Mtihani wa sikio. Litamke kwa simu ukiwa stendi ya taksi, kelele zikiwa nyingi. Mwenzako aliandike. Akikosea, jina hilo ni gumu. Hapa kwetu kuna wasemaji wa Kiswahili, Luganda, Lugisu, Kifaransa na Kiingereza. Wengi wanachanganya L na R: wewe unasema Rehema, yeye anaandika Lehema. Na sisi tuliosoma Kifaransa tunapenda neno "couture", lakini mteja wa Mbale hatajua pa kuweka hiyo "ou".

2. Mtihani wa jicho. Kwenye domeini hakuna nafasi kati ya maneno, yanaungana. "Mama Vitenge" ni jina zuri kabisa kwa duka. Sasa liunganishe: mamavitenge. Soma tena polepole katikati, kuanzia M ya pili. Watoto wa shule wataliona hilo neno kabla yako, na hawatalisahau!

3. Mtihani wa urefu. Sheria inaruhusu herufi hadi 63, lakini usiige sheria. Maneno mawili mafupi yanatosha. Zinakubaliwa herufi za a mpaka z, tarakimu, na kistari, ila kistari hakiwezi kuanza wala kumaliza. Ukiweza, acha tarakimu na kistari. Mtu akisikia "nne" hajui aandike 4 au neno.

4. Mtihani wa kuhama. Sisi tunajua kuhama. Jina likiwa na "nkoma" au "mbale" ndani yake linamsaidia mteja wa karibu kukupata. Lakini je, ukienda Jinja? Ukirudi nyumbani? Ukipelekwa nchi ya tatu? Fikiria kama jina linaweza kufungwa kwenye mzigo na kuondoka na wewe.

5. Mtihani wa haki. Usichukue jina la kampuni inayojulikana ukitumaini kuwauzia baadaye. Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa kimataifa wa kumnyang'anya domeini mtu aliyeichukua kwa nia mbaya. Na kumbuka: kuandikisha domeini si kuandikisha biashara. Jina la biashara hapa Uganda linaandikishwa kwa URSB, nao wana ofisi Mbale. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kwa hiyo usiogope kwenda kuuliza.

MWISHO WA JINA: .COM AU .UG?

Mwisho wa jina nao una maana yake. .com inajulikana dunia nzima. .ug na .co.ug zinaonyesha uko Uganda. .or.ug ni ya mashirika, .sc.ug ya shule, .ac.ug ya vyuo, na .go.ug ya serikali.

Ndugu zetu wa Kongo wana somo kubwa hapa. Zamani nchi ilipoitwa Zaire, mwisho wake ulikuwa .zr. Mei 1997 nchi ikabadilika jina, ikapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Waliokuwa na anwani za .zr walilazimika kuhama. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, lakini .ss iliingizwa kwenye mtandao mwaka 2019 tu. Kwa hiyo mwisho wa nchi unafuata mambo ya nchi. Kama hujui mwaka kesho utakuwa wapi, .com ni salama zaidi. Kama wateja wako ni wa Uganda na unabaki, .ug ni nzuri.

Bei ya .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka, yaani kama shilingi 40,000 hadi 75,000. Uliza wasajili wawili watatu. Na usiulize bei ya mwaka wa kwanza tu, uliza ya mwaka wa pili pia. Wengine wanakuvuta na bei ndogo, halafu mwaka unaofuata inapanda.

LIANDIKWE KWA NANI?

Sasa tumefika penyewe. Kuna mama mmoja mshonaji, jina simtaji. Alimpa kijana wa kafe pesa amfanyie kila kitu. Kijana alifanya vizuri tu, tovuti ikaonekana, mama akachapisha kadi na kupaka kibao. Lakini kijana aliandika jina lake yeye, imeili yake, simu yake. Baada ya miezi kadhaa akahamia mji mwingine na namba ikabadilika. Ilani za kulipia upya zilikuwa zinakwenda kwake. Mama hakupata hata moja. Muda ukaisha, domeini ikachukuliwa na mtu wa mbali asiyejulikana. Kadi zote zikawa karatasi tu. Si wizi, hakuna wa kushtaki. Kwenye rejista mama hakuwepo kabisa.

Jambo hilo hilo linatokea kwa ndugu wa nje. Ndugu yuko Kanada au Australia, ana kadi ya benki, analipa kwa mapenzi yake. Mungu ambariki. Lakini anaandika jina lake. Siku mkikosana, au akifariki, au akisahau tu, domeini iko mikononi mwake.

Kwa hiyo shikeni haya:

Mwenye jina ni tofauti na mlipaji. Ndugu anaweza kulipa, fundi anaweza kutengeneza, lakini sehemu ya mwenye domeini liandikwe jina lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha mkimbizi, au jina la biashara yako.

Imeili iwe yako. Fungua imeili ya biashara, na watu wawili wa familia walijue neno la siri. Lisiwe lile unalotumia kila mahali. Liandikwe kwenye karatasi, likae pamoja na vitambulisho, si kwenye simu peke yake, maana simu inaibwa.

Ukiandikisha .com utaletewa imeili ya kuthibitisha. Ifungue siku hiyo hiyo. Usipothibitisha ndani ya siku 15, domeini inaweza kusimamishwa.

Omba msajili aifunge domeini isihamishwe bila ruhusa yako. Tunza risiti na tarehe ya mwisho.

Na hili ni kwa sisi hasa. Taarifa za mwenye domeini zinaingia kwenye orodha ambayo zamani kila mtu duniani aliweza kuisoma: jina, simu, mahali unapokaa. Tangu Mei 2018 wasajili wengi wa .com wanaficha taarifa za watu binafsi, lakini si kila mwisho wa jina uko hivyo. Kati yetu kuna waliokimbia watu wanaowatafuta. Kabla ya kulipa, uliza wazi: "Jina langu na simu yangu vitaonekana?" Tumia S.L.P. badala ya nyumba unapolala. Kama jibu halikuridhishi, tafuta msajili mwingine, au kaa bila domeini. Biashara inaanzishwa tena, roho haianzishwi tena.

USISAHAU KULIPIA UPYA

Kusahau si kwa maskini tu. Desemba 1999 kampuni kubwa ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, na watu wengi wakashindwa kufungua imeili zao za Hotmail wakati wa Krismasi. Mtu mmoja wa Marekani, asiye mfanyakazi wao, akawalipia dola 35 kwa kadi yake.

Wewe hutapata msamaria huyo. Msajili wa .com anapaswa kukukumbusha kama mwezi mmoja kabla, na tena kama wiki moja kabla. Ukipitisha tarehe, wasajili wengi wanakupa siku kadhaa za kulipa. Domeini ikifutwa, kuna siku 30 za kuikomboa, lakini kwa bei kubwa mara nyingi kuliko ya mwanzo. Halafu siku 5, kisha inaachiliwa kwa yeyote. Kwa .ug muulize msajili utaratibu wake. Mimi nashauri weka akiba kidogo kila mwezi kwenye kopo, kama ya ada ya shule, na tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ukutani ambapo watoto wanaiona. Watoto hawasahau.

Ukiletewa barua au imeili ya mtu usiyemjua akisema "lipa haraka domeini yako inaisha", usilipe kwanza. Angalia risiti: huyo ndiye msajili wako? Kama siye, tupa.

KAZI YA NYUMBANI

Kama tayari una domeini, wiki hii muulize aliyekutengenezea maswali matatu: imeandikwa kwa nani, imeili gani, inaisha lini. Uliza kwa heshima, mbele ya mtu wa familia, na uandike majibu. Mtu mwaminifu hatakasirika, na kama jina ni lake atakubali kubadilisha. Asiyejua kusoma Kiingereza cha kwenye skrini aje darasani Jumamosi na karatasi zake, tutasoma pamoja.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kupiga picha nzuri za bidhaa kwa simu ya kawaida. Mpaka hapo, mbaki na amani.

Mwalimu wenu wa kujitolea