Tuache kusingizia Lupita

Kila nikisema niliacha chuo pale Thika, kuna msee ataniambia, "Usijali buda, hata Lupita alifuata tu ndoto yake." Zii. Hiyo nusu ya stori ndiyo inatumaliza.

Lupita Nyong'o alikuwa mtu wa kutumwa-tumwa kwa seti The Constant Gardener ikirekodiwa hapa Kenya. 2009 akaigiza kwa Shuga, na mwaka huo huo akatoa filamu yake mwenyewe ya makala, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Wengi wetu hapo tungeshajiita malejendi. Yeye akaenda Yale kusomea uigizaji, akamaliza 2012. Oscar ilikuja 2014.

Mimi sijutii kuacha kozi. Karo haikuwepo, na moyo pia haukuwepo. Ninachojutia ni miaka miwili kwa bedsita Ruiru nikirekodi video bila kujifunza chochote kuhusu sauti, taa wala kuandika skripti. Nilidhani kipaji kinatosha.

Acha chuo kama imebidi. Usiache kusoma. Wewe unajifunza nini wiki hii?